Shajara ya mradi: kundi la mikanda myeupe, jiu-jitsu Dar

Januari, wiki ya kwanza

Haya wadau, naandika huu mradi hatua kwa hatua ili anayetaka kuanza, au anayetaka kuwaanzisha wenzake, apate pa kushika. Lengo ni moja: nichukue watu ambao hawajawahi kugusa jiu-jitsu ya Kibrazili, hapahapa Dar, niwafikishe mahali mtu anaweza kulaliwa na mwenzake mzito dakika tano nzima na bado anapumua vizuri na akili inafanya kazi. Sijasema ashinde, wala sijasema amkabe mtu. Dakika tano nimezichagua kwasababu ndo urefu wa pambano la mkanda mweupe, yaani anayeanza, kwa watu wazima kwenye sheria za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, na ukiwa chini ya mtu wa kilo tisini hizo dakika ni ndefu mno.

Kwanini naanzia huko, kila klabu niliyopita nimeona kitu kilekile, mwezi wa kwanza watu wanajaa, ukifika wa tatu wamebaki wa kuhesabu, na wanaoondoka sio wavivu wala waoga, ni watu waliokuja wakiamini maendeleo yao yataonekana siku wakimshinda mtu, sasa miezi inapita hawamshindi yeyote, kila siku wanakabwa wao, mwisho wanaamua hawana kipaji na wanaacha kimyakimya. Kipaji hapo hakihusiki kabisa. Kwa miezi ya mwanzo ushindi haupo wa kupimwa, inabidi upime kitu kingine, na huu mradi wote ni kutafuta hicho kitu kingine na kukishikilia.

Ukumbi tumepata, chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mikeka ya EVA ile ya kuunganisha vipande, feni mbili. Watu wako kama kumi hivi: dada mmoja muuguzi, kijana wa bodaboda, jamaa wawili wa gym wenye vifua vipana, wanachuo, dada mwingine anayefanya mazoezi na hijabu yake ya michezo, na mzee mmoja aliyevuka hamsini ambaye alikuja kumleta mwanae akaishia kujiandikisha yeye.

Januari, bado

Somo la kwanza lilikuwa kutapu, saa nzima. Kutapu ni kumgonga mwenzako kwa kiganja mara mbili tatu, au kugonga mkeka, au kusema "tapu" kama mikono imebanwa, na aliyekushika anaachia palepale bila swali. Nimewafanyisha kwa mkono wa kulia, kushoto, mguu, mdomo, mpaka wakachoka, manake nataka mwili uwe na hiyo njia kabla haujakutana na hatari yenyewe.

Nikawaeleza na sababu. Ukikabwa vizuri shingoni hukosi hewa kwanza, unakosa damu kichwani, mishipa miwili ya pembeni mwa shingo ikibanwa mtu anazima ndani ya sekunde chache na mara nyingi hasikii hata maumivu ya kumwonya. Na kiwiko kikinyooshwa kupita mwisho wake hakikupi muda wa kujadiliana. Kwa hiyo unatapu mapema, ukiwa bado unajiuliza kama ni lazima. Hiyo ndo saa yake.

Mmoja wa jamaa wa gym akauliza, "Kocha, sasa nikitapu haraka si nitakuwa sijapambana?" Swali zuri sana na kila mtu huwa analo moyoni. Nikamsimulia habari ya Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, na Masahiko Kimura. Mwaka 1951, uwanja wa Maracanã pale Rio, Kimura bingwa wa judo kutoka Japani alimkunja Hélio mkono kwa nyuma, Hélio akagoma kutapu, mkono ukavunjika, na bado hakutapu mpaka kaka yake Carlos akarusha taulo. Leo hiyo mbinu ya kukunja mkono dunia nzima inaitwa Kimura. Watu wakisikia hii stori wanasisimka na wanataka kuwa Hélio. Mimi nawaambia hivi, Hélio alikuwa na jina la familia nzima mabegani, mbele ya umati, wewe uko Jumanne usiku juu ya duka la misumari na kesho unashika usukani wa pikipiki. Tapu, mpeane mkono, anzeni tena. Katika muda ambao mbishi anauguza kiwiko, mwenzake aliyetapu amesharudia ile hali mara mia.

Mwisho wa Januari

Hapa nataka nikae kidogo manake ndo moyo wa mradi.

Klabu nyingi zinaanza kumfundisha mgeni kukaba na kuvunja mkono, inavutia, mtu anarudi nyumbani ana kitu cha kumwonyesha shemeji yake. Mimi nimegeuza. Tunaanzia chini, sehemu mbaya kuliko zote: umelala chali, mwenzako amekulalia kifuani kwa ubavu, yaani saidi kontroli. Raundi ni ya dakika mbili. Wa chini haruhusiwi kujaribu kutoka, kazi zake ni tatu tu, viwiko viwe karibu na mbavu, mikono iweke fremu, na apumue kwa pua.

Fremu ni hivi. Mfupa wa kigasha cha mkono mmoja unauweka shingoni kwa mwenzako, cha pili unakiweka kwenye nyonga yake. Husukumi. Ukisukuma unachoka na mkono unanyooka, na mkono ulionyooka ni zawadi kwa mtu anayejua kuuvunja. Unaweka mfupa tu uwe nguzo, uzito wake ukae juu ya mfupa badala ya kukaa juu ya kifua chako, na msuli unapumzika.

Nilikaa pembeni namwangalia yule dada muuguzi chini ya kijana wa boda, wamepishana kilo nyingi. Sekunde thelathini za kwanza kakunja uso, pumzi kaibana kabisa, vidole vimeng'ang'ania kola ya jamaa mpaka vimekuwa vyeupe. Nikachuchumaa karibu na sikio nikamwambia, "Dada, toa hewa yote, ifuu, mpaka iishe." Akatoa. Mabega yakashuka. Vidole vikaachia kola vyenyewe, kiwiko kikarudi ubavuni, na ghafla yule kijana juu yake ndo akaanza kuhangaika, manake goti lake lilikuwa linatafuta pa kupenya kati ya kiwiko na mbavu na pale mahali pameshafungwa. Dakika mbili zikaisha hajatoka, hajashinda chochote, na alinyanyuka amekaa sawa kuliko mtu yeyote usiku ule. Nikasimamisha darasa nikawaonyesha wote: hiki alichofanya ndo maendeleo, mkiandika kitu kwenye daftari andikeni hiki.

Kuhusu daftari, kila mtu analo dogo, na baada ya zoezi anaandika kitu kimoja tu. Ukiandika saba hutarudi kusoma.

Februari

Tumeongeza kutoka. Piga daraja, yaani nyonga juu, uzito wa mwenzako ukisogea unasogeza nyonga yako pembeni, goti linaingia kati, unarudi kwenye gadi, miguu yako ikiwa imemzunguka. Na kwa aliyekukalia kabisa juu ya tumbo, ile maunti, unanasa mkono wake mmoja na mguu wake wa upande huohuo halafu unapiga daraja kuelekea kwenye bega la upande huo, hana mkono wala mguu wa kujizuia upande huo basi anaanguka. Hizo mbili tu mwezi mzima. Watu wanalalamika kidogo wanataka vitu vipya, wameona mtandaoni jamaa anaruka sarakasi na kumkaba mtu kwa miguu. Nimewaomba wasiangalie video kwa sasa. Video sio mbaya, ila mtu mwenye mbinu mbili anazozijua hata gizani anaishi, na mwenye mbinu arobaini alizoziona bado anafikiria achague ipi wakati shingo imeshakwenda.

Wale jamaa wa gym ndo wana safari ngumu zaidi na watu hawalijui hili. Nguvu inawatoa kwenye shida kwa wiki za mwanzo, kwa hiyo hawajifunzi njia ya kutoka, halafu wanachoka dakika ya pili na mtu wa kilo sitini anawapanda. Nimewapa sharti, raundi zao wacheze kwa nusu ya nguvu, na wakitoka kwa kusukuma kwa mabavu warudi chini waanze upya. Mmoja amekubali. Mwingine amekasirika, amekosa mazoezi kidogo, amerudi, hatujaongelea, tumeendelea.

Watu wadogo wa mwili nao nawatia moyo kwa mfano wa Royce Gracie, mtoto wa Hélio, Novemba 1993 kule Denver, UFC ya kwanza kabisa, yale mashindano ya kupigana ya mitindo yote, ana kilo kama themanini hivi na familia ilimchagua yeye wakati walikuwepo ndugu wenye mwili mkubwa zaidi, akashinda mapambano matatu usiku mmoja na wote wakatapu au wakajisalimisha. Mkiutazama ule usiku, angalieni muda aliotumia akiwa ameshikilia tu, anasubiri. Hakuwa na haraka yoyote.

Ramadhani

Zaidi ya nusu ya kundi wanafunga, kwa hiyo tumehamishia baada ya tarawehe, nusu saa, mbinu tu na hatuparuzani kabisa. Aliyefunga kutwa kwenye joto hili mwili hauna maji na mtu asiye na maji misuli inashika na kichwa kinauma. Wasiofunga wameomba wafanye raundi zao, nimekataa, tunakwenda pamoja. Kumbe kile kipindi cha polepole ndo kimewasafishia mbinu kuliko mwezi wowote, yule mzee hasa, daraja lake sasa linaanzia miguuni linavyotakiwa wakati mwanzo alikuwa analitoa mgongoni na kila siku analalamika kiuno.

Baada ya Idi

Sasa tumefika kwenye ule mwezi wa tatu ninaouogopa. Wawili hawajarudi. Mwanachuo mmoja kanipigia simu kaniambia, "Kaka, naona kama narudi nyuma, mwanzo nilikuwa natoka sasa hivi sitoki." Nikamwambia sikiliza mdogo wangu, wenzako wote wamejifunza vilevile, wewe umepanda ngazi na wao wamepanda, ndo maana unaona uko palepale. Nikamwomba aje siku moja niwawekee mgeni kabisa ambaye hajui chochote. Akaja. Chini ya yule mgeni alikuwa anapumua kwa pua kama yuko sebuleni kwao, kila mgeni akijaribu kitu yeye kiwiko kishafika. Hakuhitaji maneno yangu tena.

Kwa anayesoma na yuko kwenye huo mwezi wa tatu sasa hivi, njoo mara mbili kwa wiki, mara tatu kama mwili unaruhusu, usije kila siku kwa hasira. Nimeona wengi wanaojaza wiki nzima, mbavu zinauma, vidole vimevimba, wanalazimika kupumzika mwezi na hawarudi. Mkanda wa bluu kwa kawaida unachukua mwaka mmoja mpaka miwili na zaidi, mweusi watu wengi ni kama miaka kumi, na kwa IBJJF mkanda wa bluu hutolewi kabla ya umri wa miaka 16. Huu mchezo umetengenezwa kwa mwendo huo. Hakuna anayekukimbiza.

Na wanaolalamika tunarudia vitu vya kwanza kila siku nimewaambia habari ya Roger Gracie, wa familia hiyohiyo. Mashindano ya dunia ya 2009, mikanda myeusi, uzito wake na ule wazi wa uzito wote, kila mpinzani wake alitapu, na silaha yake ni ileile wanayofundishwa wanaoanza duniani kote, anakukalia tumboni, anakukaba kwa kola mikono imepishana. Kila mtu mle ndani alijua inakuja. Tofauti yake na mkanda mweupe ni kina cha vidole ndani ya kola, pembe ya viganja na uzito umekaa wapi, vitu vya sentimita.

Aprili, masika

Mvua haikatiki na gi, yale mavazi mazito ya mazoezi yenye kola, hazikauki, naomba tuongee usafi kwa uwazi manake huu ndo utu wenyewe wa mchezo. Gi yenye unyevu ikikaa kwenye begi usiku mmoja tu inanuka na inabeba fangasi, wale wa duara wanaowasha, na ukiwa nao unawapa watu wote uliowashika. Tumepata mmoja mwenye duara shingoni. Nimemwita pembeni, nimemwambia kwa upole apumzike mpaka apone na akamwone daktari wa ngozi au aanze duka la dawa, na kwamba akirudi nafasi yake ipo, kwasababu mtu akiaibishwa kwa hili anaficha, akificha tunaumwa wote.

Sheria zetu sasa ziko ukutani: gi inafuliwa kila baada ya zoezi, hairudiwi hata kama unaona haijaloa sana, kucha za mikono na miguu zikatwe, ndala mpaka ukingo wa mkeka na mkekani hakuna kiatu, ukienda msalani unavaa ndala, ukiwa na kidonda kifunge au kaa pembeni uangalie. Mikeka tunaifuta na dawa kabla na baada. Asiye na gi ya pili wakati wa masika aje na fulana ya kubana na kaptula isiyo na mifuko wala zipu, vidole vinanasa kwenye mifuko vinavunjika.

Kuhusu kununua gi, kama unaanza usikimbilie. Mitumbani zinaonekana za judo, ile nzito yenye kola nene inafaa kabisa na bei yake ya kawaida, ya karate ni nyepesi itachanika begani wiki ya kwanza. Mzee wetu amepata moja nzuri, mkewe kaipunguza mikono kwa cherehani.

Mei

Tumeanza kuroli kweli, yaani kupambana mazoezini, raundi za dakika tano, kuanzia magotini. Na wiki iliyopita wamekuja wageni wa klabu nyingine, mikanda ya bluu, wakaroli na watu wangu. Niliwapa maagizo kabla: mkanda wa juu ndo mtu salama zaidi kuroli naye, anayekuumiza mara nyingi ni mkanda mweupe mwenzako mwenye hofu, kwa hiyo wafuateni wenye bluu, salimianeni, mwambieni kama una jeraha, na mkimaliza mwulize swali moja tu, "Nilikuachia wapi nafasi?" Yule dada wa hijabu aliuliza hivyo akajibiwa kwa dakika kumi nzima na kuonyeshwa, mkono wake wa chini ulikuwa unavuka katikati ya kifua kila anapogeuka. Amelirekebisha usiku uleule. Kuhusu yeye pia tulikubaliana tangu mwanzo kwamba anaroli na wanawake wenzake, na wanaume anafanya nao drili zile anazoridhia mwenyewe, hakuna anayehoji.

Jambo moja la magoti. Mgeni mmoja alitaka kuwaonyesha kukunja kisigino, nikamsimamisha kwa heshima. Kwenye sheria za IBJJF hiyo ni ya mikanda ya kahawia na nyeusi peke yao, na tena bila gi, sababu yake ni kwamba goti linachanika ndani kabla maumivu hayajakufikia, na aliyezoea kutapu akisikia maumivu anakuwa amechelewa. Mkanda mweupe abaki na kukandamiza kifundo cha mguu kilichonyooka, nayo taratibu.

Kijana wa boda alikabwa na mgeni mmoja kwa nyuma, roba safi kabisa, akatapu mapema, akatabasamu, akasema, "Tena." Wakaanza. Akakabwa tena. Ya tatu akashika ule mkono kwa mikono yake miwili, akabana kidevu, akateleza nyonga kwenda upande wa mkono usiokaba, akaanguka kwenye gadi ya mwenzake. Watu walipiga makofi ukumbi mzima, mimi nilikuwa wa kwanza.

Juni, tulipofika

Kipimo cha dakika tano tumekifanya. Nimeweka mtu mzito juu, saidi kontroli mpaka maunti, anaruhusiwa kukaba, wa chini akitapu wanaanza tena na saa haisimami. Ninachoangalia ni pumzi, viwiko, na kama baada ya kutapu anarudi kwenye nafasi akiwa ametulia au amevurugika. Waliobaki wote wamemaliza. Muuguzi hakutapu kabisa. Mzee alitapu mara kadhaa na kila mara aliweka fremu upya kabla mwenzake hajatulia, ndicho nilichokuwa nakitaka. Yule jamaa wa gym aliyekasirika Februari amejifunza kucheza kwa nusu ya nguvu na sasa ndo mtu ninayempa wageni wapya, manake anajua kulalia mtu bila kumuumiza. Wanne wameacha, mmoja kahamia Mwanza kikazi anaendelea hukohuko, wengine nawapigia simu bado.

Kinachofuata, Julai naingiza kundi jipya na hili la kwanza litafanya kazi ya kuwa juu, wiki mbili za mwanzo bila kukaba mtu yeyote, uzito tu na kuongea, wamkumbushe mgeni kupumua. Kukaba kwa kola na kunyoosha mkono kutoka kwenye gadi watajifunza sasa wale wa zamani, siku za Alhamisi. Pointi za mashindano nazo tutagusa kidogo, kuangusha mbili, kugeuza mbili, kupita gadi tatu, maunti na mgongo nne nne, kwa wale wawili wanaotaka kujaribu mashindano mwakani.

Anayetaka kujiunga aje na maji ya kutosha, kucha fupi, fulana ya kubana, na kama ana ugonjwa wa moyo, shingo au presha aongee na daktari kwanza halafu aniambie kabla hatujaanza. Gi asinunue mpaka mwezi wa pili. Tunaanza saa moja usiku, milango inafunguliwa nusu saa kabla, tunafuta mikeka pamoja.